Somo: Pesti ya prosesa inafanya nini, na inabadilishwaje

Wakuu, juzi nililetewa kompyuta ya mezani inayozima kila baada ya dakika chache. Mwenyewe alishaibadilishia pesti (ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki) mara mbili, tena ya bei. Kufungua hitisinki (kile chuma chenye mapezi kinachobeba joto la prosesa), nakuta ile nailoni ya kiwandani bado imebandikwa kwenye kitako, na pesti imepakwa juu ya nailoni!

Wengi wanadhani pesti inapooza. Haipoozi, inafukuza hewa tu. Chukua sufuria lililobonyea kitako uliweke kwenye jiko la umeme la sahani: maji yatachelewa kuchemka hata sahani ikiwa nyekundu, kwa sababu hapo katikati pana hewa. Mfuniko wa prosesa na kitako cha hitisinki navyo, kwa macho vimenyooka, kumbe vimejaa vibonde na mikwaruzo. Kwa kipimo cha kupitisha joto (W/mK), shaba ina karibu 400, hewa 0.026. Pesti nyingi za dukani hazifiki 15. Kwa hiyo pesti inaishinda hewa kwa mbali, lakini kwa shaba haioni ndani. Ijaze vibonde, isigeuke godoro.

Twende kazi.

1. Washa mashine dakika kumi hivi ipate joto, kisha zima na uchomoe waya. Laptopu, chomoa na betri. Pesti ya vuguvugu huachia kirahisi.

2. Legeza skrubu kwa msalaba (ya pembe moja, kisha ya pembe ya mkabala), kidogo kidogo. Hitisinki ya kompyuta ya mezani izungushe kushoto na kulia kwanza, ndipo uinue. Ukiinyofoa kwa nguvu, prosesa za AMD zenye pini (za soketi ya AM4 na za kabla yake) hutoka pamoja nayo, soketi ikiwa bado imefungwa.

3. Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Bisibisi kaa nayo mbali hapa.

4. Kama hitisinki ni mpya, BANDUA NAILONI. Weka tone katikati, kama njegere ndogo. Kwenye laptopu prosesa haina mfuniko, kipande chake cha silikoni kiko wazi, kwa hiyo sambaza utando mwembamba ukifunike chote hadi pembeni.

5. Shusha hitisinki wima, usiitelezeshe. Kaza kwa msalaba, rudisha waya wa feni, washa, angalia joto.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, dukani kwetu hamna pesti. Dawa ya meno inafaa?
Siku za mwanzo utaona inafanya kazi kweli. Kisha maji yake yanakauka, inabaki unga wenye nyufa, na hewa imerudi palepale. Subiri pesti, dada.

Mkuu, prosesa yangu imetoka na hitisinki, pini tatu zimepinda.
Pole. Toa risasi kwenye penseli ya kubofya, ingiza pini kwenye ile ncha tupu, inyooshe taratibu mara moja. Ukiipeleka mbele na nyuma itakatika.

Vipi ile metali ya maji? Naona vijana wa magemu wanaisifia.
Wanayo haki, inapitisha joto kuliko pesti za kawaida. Ila ina galiamu, na galiamu hula alumini. Tena inapitisha umeme: tone likidondokea ubaoni, umeua mashine. Mimi laptopu ya mteja siwekei.

Nimebadilisha pesti, laptopu bado inachemka na feni inalia.
Umetazama mapezi ya hitisinki pale feni inapotolea hewa? Vumbi hujikusanya hapo likawa kama blanketi, na ukiwa hujatenganisha feni hulioni. Litoe kwa brashi; ukipuliza, shikilia feni kwa kidole isizunguke. Na zile raba laini za kwenye memori ulizirudisha? Kama ulizitupa ukapaka pesti badala yake, nafasi ile ni pana, pesti haiwezi kuijaza. Tafuta raba nyingine za unene uleule.