Mteja anaamua saa ngapi ale nini?

Mimi napika chakula cha oda hapa Magomeni, Dar es Salaam: pilau na biriani mwaka mzima, sambusa na bajia Ramadhani ikiingia. Sina fremu wala bango, duka langu ni simu. Wenzangu wanaoanza huniuliza waposti saa ngapi, nami huwajibu kwa swali: mteja wako anaamua saa ngapi? Sisemi saa anayokula. Saa anayoamua.

Wengi huposti pilau saa saba mchana, ikiwa imetoka jikoni inafuka moshi. Picha tamu, laiki zinamiminika, oda hakuna. Saa hiyo mfanyakazi wa kule Posta, katikati ya jiji, keshakula wali maharage kwa mama ntilie. Anayewachangisha wenzake hela ya chakula huanza kuwazungukia baada ya chai, saa nne na ushee. Kwa hiyo posti yangu inatoka saa nne kasorobo, na saa tano nafunga oda ili bodaboda afike mjini kwa wakati. Siku za masika, Jangwani ikijaa maji na barabara ikifungwa, nawahisha kila kitu kwa saa nzima au sichukui kabisa oda za mjini.

Utaniuliza picha naitoa wapi na sufuria bado iko jikoni. Natumia ya jana, na naandika hivyohivyo: picha ya jana, pilau ya leo. Hajalalamika mtu.

Biriani ya Ijumaa ina saa yake: Alhamisi baada ya isha, saa mbili na nusu usiku. Nyama inataka kulala kwenye mtindi na viungo, hivyo oda ya Ijumaa asubuhi hainisaidii. Chakula cha shughuli, akika au khitma, naweka Jumapili jioni, kwa sababu hapo ndugu wako pamoja na uamuzi ni wa kikao. Andika bei ya sinia na linatosha watu wangapi juu ya picha yenyewe, maana itarushwa kwenye kundi la familia na maelezo yako yatabaki nyuma.

Ramadhani inavuruga ratiba yote. Magharibi ya Dar haihami sana, lakini ukiposti sambusa saa kumi na moja jioni umechelewa: kila nyumba ishajua itafuturu nini. Mimi naweka mara mbili. Ya kwanza baada ya tarawehe, watu wamekaa na simu tumbo limetulia: orodha ya kesho. Ya pili baada ya adhuhuri, maandishi matupu bila picha, kwa aliyesahau. Picha ya bajia mchana wa mfungo sipendi, hata kama wengine wanaona inauza. Na usipange posti ya Idi kwa tarehe! Mwezi haujaandama wewe ushawatakia watu Idi njema, utachekwa. Andaa picha, iache kwenye simu, ngoja tangazo la Mufti. Oda zake zichukue mapema kwa jina la Idi Mosi, iangukie siku yoyote.

Saa hizi ni za wateja wangu, zako zitafute. WhatsApp inakusaidia bure: fungua orodha ya walioona status yako, kila jina lina saa aliyotazama. Aliyezima alama za kusoma hutamwona, ila wengi wapo. Instagram ukiigeuza akaunti kuwa ya biashara inakuonyesha saa ambazo wafuasi wako wapo hewani. Lakini kuwa hewani si kununua. Chukua daftari, andika saa uliyoposti na saa lilipoingia swali la kwanza la bei. Baada ya wiki mbili hivi daftari litakuambia mengi kuliko grafu ya Instagram. Kumbuka pia kwamba tangu 2016 Instagram haipangi picha kwa kufuata muda, posti ya asubuhi inaweza kumfikia mtu kesho yake. Chakula cha leo kiweke kwenye stori, na kila posti iandike siku.

Nina wateja wa Muscat na London wanaowaagizia mama zao hapa Dar. Muscat wako mbele yetu saa moja tu, na mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi. London wako nyuma saa tatu, ila kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba ni saa mbili. Hao wa London nawawekea usiku wetu, wakiwa wanatoka kazini.

Siku ya Simba na Yanga usishindane na mpira. Weka mishikaki asubuhi, wakati watu wanapanga watatazamia kwa nani. Filimbi ikilia kaa kimya.

Vyovyote utakavyochagua, iwe saa ambayo mikono yako haina unga. Anayeuliza bei akakaa nusu saa bila jibu kesha agiza kwingine. Na chakula kikiisha, futa status palepale. Inakaa saa ishirini na nne, na wa saa tatu usiku atakuuliza kama bado kipo.