Kuamua juu ya tibakemia baada ya kusikia madaktari watatu

Mgonjwa wa saratani ya matiti aliyekwisha kufanyiwa upasuaji anaweza kujikuta na majibu matatu mkononi: daktari wa upasuaji amesema uvimbe umetoka wote, bingwa wa saratani anataka dripu sita za tibakemia, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, na wa tatu, aliyeonwa kwa juhudi za shemeji, anaona vidonge vya homoni vinatosha. Rai hizo zisihesabiwe kama kura. Chunguza kwanza kama wote watatu walisoma karatasi zile zile.

Karatasi inayobeba uamuzi ni ripoti ya patholojia, yaani majibu ya maabara kuhusu kinyama kilichokatwa. Ndani yake tafuta ukubwa na daraja la uvimbe (ukali wa chembe zake), idadi ya tezi za kwapani zilizokutwa na saratani, na majibu ya vipokezi vitatu, yaani protini za chembe za saratani zinazoonyesha dawa ipi itafaa: viwili vya homoni, estrojeni na projesteroni, na cha tatu HER2. Vipokezi hivyo visipopimwa, rai zote ni za kubahatisha, hata zikitolewa na profesa. Kinyama kilichokatwa huhifadhiwa maabara ndani ya nta, kwa hiyo inawezekana kuomba kipimwe upya mahali pengine bila kukatwa tena. Kwa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road, Muhimbili, Bugando na KCMC ndiko wengi hupewa rufaa. Ukifika, uliza kama suala lako linaweza kupelekwa mbele ya jopo, yaani wa upasuaji, wa dawa, wa mionzi na wa patholojia wakae pamoja. Kikao kimoja cha namna hiyo kinaweza kukuokolea nauli ya safari tatu.

Kila daktari mwulize maswali yale yale, na majibu yaandikwe. Dripu hizi ni za kuponya, za kuzuia ugonjwa usirudi, au za kupunguza maumivu tu? Kati ya wanawake 100 wenye hali kama yangu, ugonjwa utawarudia wangapi wasipopata dripu, na wangapi wakizipata? Usiridhike na jibu la “hatari inapungua kwa theluthi”, kwa sababu theluthi hiyo huwa ni watu 3 pale hatari inaposhuka kutoka 9 hadi 6, lakini ni watu 20 inaposhuka kutoka 60 hadi 40.

Ziko tofauti za haki kabisa. Utafiti wa TAILORx, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 na kutoa matokeo yake makuu mwaka 2018, ulionyesha kwamba wengi wenye saratani yenye vipokezi vya homoni lakini isiyo na HER2 na isiyofika kwenye tezi, ambao kipimo cha jeni za uvimbe kiliwaweka katika hatari ya kati, hawakupata faida ya ziada kwa kuongezewa tibakemia, ingawa baadhi ya wenye umri wa miaka 50 au chini walinufaika. Saratani isiyo na kipokezi hata kimoja kati ya vile vitatu ni habari nyingine: vidonge vya homoni havina kazi hapo, na anayevipendekeza huenda hajaiona ripoti yako.

Pima pia mwili wako. Doksorubisini, moja ya dawa za tibakemia, huweza kudhuru moyo, basi omba mapema kipimo cha ekko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Siklofosfamidi, dawa nyingine ya tibakemia, huweza kugusa uzazi, na mazungumzo hayo ni ya kabla ya dripu ya kwanza. Majani ya mstafeli uliyoletewa na shangazi yataje waziwazi, maana daktari anahitaji kujua kila unachokunywa.

Halafu weka tarehe ya mwisho. Baada ya upasuaji, kwa kawaida dripu huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, na tafiti zimehusisha kuchelewa zaidi ya siku 90 na matokeo mabaya zaidi. Rai ya nne isiyoweza kupatikana ndani ya muda huo iachwe. Familia ikae, ndugu mmoja asome majibu yaliyoandikwa, wote waseme, lakini neno la mwisho ni la mgonjwa.

Kabla ya kutia sahihi, chukua namba ya simu inayopokelewa usiku na ujue ni hospitali gani ya karibu utakimbilia. Dripu hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na homa ya nyuzi 38 katika siku hizo haingoji asubuhi.