Pima midoli kwa bomba la tishu

Tishu ya chooni ikiisha, usitupe lile bomba la karatasi ngumu. Pitisha humo shanga, vifuniko, midoli: kinachopenya kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Bomba lina upana wa kama sentimita 4, zaidi ya koo lake. Vuta pia macho ya mdoli na magurudumu ya kigari. Yakichomoka, yapime yenyewe. Kipimo hiki hakifai kwa puto, maana hujikunja likaziba koo, wala kwa betri bapa za duara za rimoti. Hizo zifungie kabisa! Betri ikinasa kooni huunguza ndani ya saa 2, hata iliyokwisha nguvu. Akimeza usimtapishe, mkimbize hospitali apigwe eksirei.