Somo: Kuivunja 147,147 mpaka ibaki namba tasa

Msimu wa korosho hapa Masasi watoto wanasikia namba kubwa kila siku, ila darasani wakiona tarakimu sita wanaogopa. Tuseme ghalani kuna kilo 147,147 (nimeitunga mwenyewe, msiende kuiulizia chama cha msingi). Tunataka kujua ina vigawo vingapi, yaani namba zinazoigawa bila kubakiza, bila kikokotoo. Tutaivunja mpaka ibaki namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na zenyewe.

Hatua ya 1. Itazame kabla hujashika kalamu. 147 imeandikwa mara mbili. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivyo, umeizidisha kwa 1,001. Kumbe kazi ni 147 × 1,001.

Hatua ya 2. Vunja 147. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 12, basi 3 inaingia: 3 × 49, yaani 3 × 7 × 7.

Hatua ya 3. Vunja 1,001. Namba 2, 3 na 5 haziingii. 7 inaingia mara 143. Hiyo 143 imedanganya wengi, maana ina sura ya namba tasa. Jumlisha ya kwanza na ya mwisho, 1 + 3, unapata 4 iliyo katikati. Basi 11 inaingia. 143 = 11 × 13.

Hatua ya 4. Kusanya. Kosa ninalolisahihisha kila mwaka liko hapa. Mwanafunzi anaandika 3 × 7² × 7 × 11 × 13, ile 7 iliyotoka kwenye 1,001 kaiacha pembeni kama mgeni asiye na ndugu. Akihesabu hivyo anapata vigawo 48, na anaapa yuko sahihi. Saba zote ni moja, ziweke pamoja: 3 × 7³ × 11 × 13.

Hatua ya 5. Ongeza 1 kwa kila kipeo (ile namba ndogo ya juu; isipoandikwa ni 1), kisha zidisha: 2 × 4 × 2 × 2 = 32.

MASWALI

Wa Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Vigawo hivyo tukivijumlisha je?

Marahaba. (1 + 3) × (1 + 7 + 49 + 343) × (1 + 11) × (1 + 13), yaani 4 × 400 × 12 × 14 = 268,800. Ukiitoa namba yenyewe inabaki 121,653. Haijifikii, ni pungufu ya 147,147.

Wa Lindi mjini: Nizidishe kwa ngapi, iliyo ndogo kabisa, nipate namba mraba?

Kila kipeo kiwe shufwa (kigawanyike kwa 2). Hapa vyote ni witiri, kwa hiyo kila namba tasa inadai mwenzake mmoja: 3 × 7 × 11 × 13 = 3,003. Kipeuo chake cha pili kitakuwa 21,021.

Wa Tandahimba: Mwalimu, sisi gunia letu ni kilo 80. Zitaisha?

Haziwezi, mama. Namba yako ni witiri, 80 ni shufwa. Gunia la kilo 77 ndilo lingekubali, maana 7 na 11 zimo: gunia 1,911 kamili. Kwa 80 utajaza gunia 1,839, na kilo 27 zitabaki. Hizo mbangue mkaange.