Fildi ya Kifaransa ughaibuni: anza na mkataba, viza itafuata

Kila mwaka wanafunzi wa Kifaransa hapa Uganda, wanaotaka kufanya fildi, yaani mafunzo ya kazi, hunijia na swali lilelile: "Mwalimu, viza ya Ufaransa inaombwaje?" Nami huwauliza kama wameshapata wa kuwapokea. Karatasi inayobeba safari nzima ni mkataba wa mafunzo ya kazi, ambao Wafaransa huuita convention de stage. Bila huo, ubalozini huna la kupeleka.

Kwa hiyo tafuta kwanza mahali: hoteli, shule, ofisi ya utalii, shirika la misaada. Wasifu na barua ya maombi viandike kwa Kifaransa chako mwenyewe, kisha mwalimu akusahihishie. Barua iliyonakiliwa mtandaoni itakuumbua siku ya kwanza ya mahojiano kwa simu. Ukiwa na cheti cha DELF, yaani cha mtihani rasmi wa Kifaransa kwa wageni, kiambatishe. Mtihani huo unafanyika Alliance Française ya Kampala, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, na cheti chake hakiishi muda. Ushauri wangu ni ufike angalau na B1, yaani kiwango cha kati, maana chini ya hapo utapewa kazi zisizohitaji mdomo, na mdomo ndio uliokupeleka.

Ukikubaliwa, mkataba unatiwa saini na pande tatu: wewe, chuo chako na wanaokupokea. Unataja tarehe, saa za kazi, msimamizi, bima, posho na kazi utakazofanya. Hapo kwenye kazi pana mtego. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika "kusaidia ofisini" tu, mkataba ukarudishwa, mwezi mzima ukapotea. Tulikaa naye chini tukaandika upya: kupokea wageni mapokezini, kujibu simu, kutafsiri menyu kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Safari hii ulipita. Kumbuka pia kwamba mafunzo ya mwanafunzi hayazidi miezi sita kwa mwajiri mmoja, na yakizidi miezi miwili Ufaransa inamlazimu anayekupokea akulipe posho. Usione haya kuuliza kiasi. Ni haki yako.

Baada ya saini, anayekupokea ndiye anayeupeleka mkataba kwa mamlaka za Ufaransa ili uidhinishwe, na apeleke angalau miezi miwili kabla ya siku ya kuanza. Hesabu kurudi nyuma: ukitaka kuanza Juni mosi, mwezi Machi saini ya chuo iwe imeshapatikana, kwa sababu mkuu wa idara naye ana safari zake na muhuri hufungiwa kabatini.

Wakati unasubiri, shughulikia pasipoti. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya idara ya uraia na uhamiaji, unapata namba ya malipo, unalipa shilingi 250,000 kwa pasipoti ya kawaida, kisha unakwenda kuchukuliwa picha na alama za vidole. Kabla ya yote hayo, weka kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule mezani, uvisome herufi kwa herufi. Huku kwetu jina la ukoo huwa la kwanza kwenye karatasi moja na la mwisho kwenye nyingine, na "Nakato" huweza kugeuka "Nnakato". Rekebisha mapema NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, maana ofisa wa viza hajui kwamba ni mtu yuleyule.

Mkataba ukirudi umeidhinishwa, ingia tovuti ya France-Visas, jaza fomu na uichape. Mafunzo yanayozidi siku 90 yanahitaji viza ya muda mrefu, ambayo ada yake ya kawaida ni yuro 99. Maombi yake hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari. Beba uthibitisho wa malazi, bima na fedha za kujikimu. Ukifika, uithibitishe viza hiyo mtandaoni ndani ya miezi mitatu. Wengi husahau, na huo ni uzembe unaoweza kukuharibia ukaaji wako.

Kama gharama za Ulaya hazikufikiki, usikate tamaa: tazama Bujumbura. Mganda haombi viza kuingia Burundi, na maofisini huko barua na ripoti nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya chuo na barua ya mwajiri. Ila sisi wenye Kiswahili tuna hatari yetu pale. Ukipanga chumba Buyenzi, mtaa wa Waswahili, utanunua, utasalimia na utacheka kwa Kiswahili mpaka siku ya kurudi. Mwombe mwajiri, tena kwa maandishi, akuweke kwenye dawati la barua, na akusahihishe kila unapokosea.