Achari ya ndimu: kausha chupa kwanza

Wenzangu mnaojitengenezea achari ya ndimu wikiendi, ikiota ukungu msizilaumu ndimu. Tazameni chupa. Mwaka jana nilimwaga chupa mbili nzima, na ndimu zenyewe nilizichagua sokoni Darajani, Unguja, moja moja, za manjano, ganda jembamba. Roho iliniuma! Kosa langu lilikuwa kuifuta chupa kwa kitambaa nikadhani imekauka.

Siku hizi naosha chupa ya gilasi kwa maji ya moto, kisha naiinamisha juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Ndimu nazo nazikausha ganda kabla ya kuzipasua mara nne bila kuziachanisha. Chumvi usiifanyie ubakhili: kilo moja ya ndimu mimi naitilia kama gramu 150, ile ya mawe. Halafu juani siku saba mpaka kumi, jioni naingiza ndani na kuitikisa. Hakikisha ndimu zimezama kwenye maji yake, maana kinachoelea ndicho kinachoota ukungu. Pilipili na siki baadaye, ganda likishalainika.

Kifuniko cha bati kiepuke, chumvi na ukali wa ndimu vitakila. Weka cha plastiki, na siku za mwanzo usikikaze sana kwa sababu hewa hujaa ndani.

Kuchota, kijiko kikavu. (Watoto wangu hili hawajalisikia bado.)

Na masika usijisumbue, jua lenyewe la kuvizia. Mimi nangoja kaskazi, msimu wa jua kali.