Mambo ya kuandaa mapema unapomuuguza mwanamke mwenye saratani ya viungo vya uzazi

Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, haingoji siku za mwisho. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ovari au mfuko wa uzazi anaweza kuianza tangu anapopewa majibu, huku akiendelea na mionzi au dawa za saratani. Inauma kuona wengi wakifikishwa wakiwa wameshachoshwa na mateso yaliyokuwa na dawa. Kwa hiyo ulizeni mapema: nani anashughulikia maumivu yake, na usiku akizidiwa tumpigie nani?

Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Andikeni muda wa kila dozi, pamoja na dozi za ziada alizohitaji katikati. Daktari akiona karatasi hiyo atajua kama kipimo kinatosha. Dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini, maana mofini hufunga choo muda wote inapotumika. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzoni mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Tafadhali msimnyime dawa kwa kuogopa atakuwa teja. Na akisema anasikia kuchoma, au kama shoti ya umeme inayoshuka mguuni, mwelezeni daktari hivyohivyo, kwani maumivu ya neva (mishipa ya fahamu) huhitaji dawa nyingine ya kuongezea.

Damu ndiyo inayotisha zaidi, hasa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Wekeni karibu na kitanda pedi kubwa, glavu, na taulo na mashuka ya rangi iliyokoza. Rangi haizuii damu, ila kwenye shuka jeupe hata damu kidogo huonekana nyingi, na mgonjwa huisoma hofu yake kwenye nyuso zenu. Ulizeni pia kuhusu mionzi ya muda mfupi. Mara nyingi hupunguza au kukausha damu hata pale ambapo saratani yenyewe haitapona.

Halafu kuna harufu, jambo ambalo wageni hulinyamazia na mgonjwa hulijua kuliko wote. Inatokana na bakteria walioingia kwenye nyama iliyokufa ya uvimbe, wala si uchafu wake. Metronidazoli, dawa ya kuua bakteria hao, ya kumeza au ya kuwekwa mahali penyewe, huipunguza sana. Msione haya kuiomba.

Mkojo ukipungua ghafla, huenda uvimbe umebana mirija ya figo. Mkojo au kinyesi kikipitia ukeni, semeni upesi. Tumbo lililojaa maji, jambo la kawaida kwa saratani ya ovari, linaweza kutolewa maji akapumua vizuri. Lakini akitapika, tumbo limevimba, hapati choo wala hatoi hewa, simamisheni dawa ya choo na mtafuteni daktari mara moja: huenda utumbo umeziba.

Muulizeni yeye mwenyewe anataka kuuguziwa wapi, na nani amsemee akishindwa kuongea. Ulizeni akiwa bado ana nguvu, pengine watu wakiwa wachache chumbani. Mume naye apewe nafasi ya kuuliza yake. Wengine hujitenga kimyakimya wakidhani saratani huambukiza. Haiambukizwi kwa kukumbatiana wala kulala kitanda kimoja.